Umepewa mgonjwa wa korti: vile utajenga naye uhusiano bila kumdanganya

Kama ndio umemaliza kozi ya saikolojia ama ya ukaunsela na umetumwa wodi ya akili hapa Nakuru, ama Kisumu, ama Kakamega, kuna siku utapewa faili iko na barua ya korti ndani, na mwenyewe ataletwa na askari wawili na pingu mkononi. Ukianza naye vile unaanza na mtu amekuja kliniki mwenyewe juu halali usiku, utakwama haraka. Huyu hakukuchagua, hakuchagua hospitali, na kila kitu anakuambia anajiuliza kama itafika kwa jaji, na ukweli ni kwamba zingine zitafika. Upole peke yake hautoshi hapa. Uhusiano unajengwa kwa kusema mapema yale mambo hatapenda kusikia, alafu unafanya kile ulisema utafanya, hata kama ni kitu kidogo tu kama kurudi Jumanne saa nne.

Soma faili, ujue amefika kwa njia gani

Watu husema "mgonjwa wa korti" kama ni aina moja. Kuna wale wameshtakiwa mauaji na wanaletwa wapimwe akili kabla wasomewe mashtaka, hao utawaona mara moja ama mbili na hiyo sio tiba, ni kupimwa, kwa hivyo usijifanye rafiki ukamfungua roho mtu ambaye jioni anarudi seli peke yake. Kuna wale kesi imeanza na korti ikaona hawaelewi kinachoendelea, hapo ni kifungu cha 162 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, kesi inasimama mpaka mtu apate nafuu. Sasa fikiria hiyo vizuri: huyu mtu anajua akipona kesi inarudi. Wewe unamwambia "tunataka upone" na yeye anasikia "tunataka ushtakiwe", alafu unashangaa mbona anaficha dawa chini ya ulimi. Mwambie wazi kwamba unajua kupona kwake kuna bei, na muongee juu ya hiyo bei.

Kuna pia mfungwa wa kawaida aliyeshikwa na ugonjwa akiwa ndani, jela ya Naivasha ama ya Kodiaga, huyo ana tarehe yake ya kutoka na mara nyingi shida yake kubwa ni kurudi blok na watu wajue amekuwa "wazimu".

Lakini mwenye atakusumbua akili zaidi ni yule wa kifungu cha 166 cha sheria hiyohiyo. Korti imesema kitendo alifanya, ila wakati huo akili haikuwa sawa, kwa hivyo hapewi miaka, anawekwa. Vile sheria imeandikwa korti inapeleka habari na Rais ndiye anatoa amri awekwe wapi, alafu msimamizi wa hapo anaandika ripoti baada ya miaka 3, na kutoka hapo kila miaka 2. Mfungwa wa kawaida anahesabu siku kwa ukuta, huyu hana cha kuhesabu. Mwaka wa 2018 Jaji David Majanja, akiwa Mahakama Kuu ya Kisumu, alisema huo utaratibu unaenda kinyume na Katiba juu unampa Rais kazi ya korti, na majaji wengine pia wameagiza watu kama hao warudishwe mbele yao wakaguliwe. Jua hii habari manake utaulizwa. Mgonjwa atauliza, mamake atauliza, na ukijibu "sijui mambo ya sheria" umejitoa kwa jambo ndilo linamlaza macho.

Siku ya kwanza sema haya

Usianze na "niambie kilitokea nini". Anza na wewe ni nani na unafanyia nani kazi. Mimi naonelea isemwe hivi, ama karibu hivi:

"Mzee, habari ya asubuhi. Mimi naitwa fulani, ni mwanasaikolojia wa hapa wodini. Kazi yangu ni kukusaidia upate nafuu. Siamui kesi yako na siwezi kukutoa. Yale tutaongea naandika kwa faili, na daktari na masista wanaweza kusoma. Ukiniambia unataka kujiumiza, ama kuumiza mtu, ama unapanga kutoroka, hiyo sitaificha, nitawaambia. Korti ikinitaka niandike ripoti nitaandika, lakini nitakusomea kabla iende. Sasa hebu niambie vile umeelewa."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiruke. Watu wengi wataitikia "ndio daktari" kwa kila kitu juu wamezoea kuitikia polisi, kwa hivyo mpaka akurudishie kwa maneno yake hujui kama ameshika. Na kama siku hiyo zile sauti anasikia kichwani zinamzidi, rudia wiki ijayo. Rudia pia kila wakati kitu kimebadilika, kwa mfano barua mpya ya korti ikikuja.

Kuna wenye wanaogopa kwamba ukisema hivi mtu atafunga mdomo. Wengine hufunga, kwa muda. Lakini yule alifunguka kwa raha kwa sababu hakuambiwa, alafu akasikia maneno yake yakisomwa kortini, huyo hatawahi ongea na therapisti tena, wewe ama mwingine. Wale wanasoma sheria wanajua kesi ya Tarasoff ya California: mwanafunzi alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba atamuua msichana fulani, mwanasaikolojia akaripoti kwa polisi wa chuo, lakini msichana na familia yake hakuna mtu aliwaambia, na mwaka wa 1969 akauawa. Mahakama ya Juu ya huko ikasema mwaka wa 1976 kwamba mtaalamu ana wajibu wa kulinda yule anayetishiwa. Hiyo ni sheria ya California sio ya Kenya, lakini angalia vile ni rahisi zaidi kuvunja siri kama mgonjwa aliambiwa siku ya kwanza kwamba hiyo siri haiwekwi.

Jambo lingine la siku ya kwanza ni vile utamwita. Wewe uko na miaka 26 na yeye ana 58, usimwite kwa jina moja kavu vile anaitwa kwa geti. Mzee, mama, ndugu, inatosha. Lakini chunga sana hii desturi yetu ya kuita watu kwa jina la mtoto, Baba fulani, Mama fulani. Angalia faili kwanza. Kuna mama ameletwa kwa sababu ya mtoto wake mchanga, alizaa, akili ikaenda, mtoto akafa mikononi mwake, na wewe unaingia na heshima zako zote unamwita kwa jina la huyo mtoto. Muulize tu, "ungependa nikuite nani?"

Unayemtibu na unayempima

Ikiwezekana asiwe mtu mmoja. Anayeandikia korti kama mtu anafaa kushtakiwa ama kuachiliwa asiwe ndiye anakaa naye kila wiki akilia. Kwa hospitali zetu za kaunti hiyo wakati mwingine haiwezekani, uko peke yako na daktari wa akili ana kaunti nzima, basi angalau tenganisha siku. "Leo nimekuja kwa kazi ya korti, hii nitaandika yote." "Leo nimekuja kwa kazi yako." Na usichukue kitu aliambia therapisti wake Jumanne ukakiweka kwa ripoti ya Ijumaa kimyakimya.

Askari kwa chumba

Ongea na afande kabla, nje, na heshima, sio mbele ya mgonjwa. Unachotaka ni kwamba aone lakini asisikie: mlango wazi kiasi, yeye kwa korido. Kama sheria za kituo chake zinamtaka akae ndani, akae, na wewe badilisha mazungumzo, siku hiyo ongeeni usingizi, dawa, chakula, familia, usiguse kesi hata kidogo. Pingu ziulizwe kama zinaweza kutolewa, na kama jibu ni hapana usibishane mbele ya mtu, juu utamwonyesha kwamba nyinyi wawili mko vitani na yeye ndiye kisa. Kaa karibu na mlango lakini usiuzibe, mtu akipanick asikupate katikati yake na njia ya kutoka. Kitambaa cha shingo na ile kamba ya kitambulisho acha kwa ofisi.

Na usimtumie afande kama mkalimani. Wala mgonjwa mwenzake, wala kakake. Kama mzee anaongea Dholuo ama Lubukusu peke yake na wewe huskii, tafuta nesi anayeijua, umweleze pia habari ya siri kabla muanze.

Kuongea juu ya kitendo chenyewe

Hapa ndio watu hukosea saa, ama wanaenda mapema sana ama hawaendi kabisa.

Mtu bado ako na sauti, bado anaamini mamake alikuwa amebadilishwa na kitu kingine ndio akamshambulia, huyo usimsukume. Mlishe dawa kwanza, mpe wiki, jenga tabia ya kuonana. Usimwambie anadanganya na usikubaliane naye pia. "Naona hiyo ilikuogopesha sana" inatosha. Akisema alitupiwa majini ama ni chira ya nyumbani, yaani laana ya kuvunja mwiko, usicheke na usianze lekcha, muulize nani alisema hivyo, walifanya nini, na dawa anaionaje ndani ya hiyo habari. Wengi watakuambia zote mbili zinaenda pamoja, kuna ya hospitali na kuna ya nyumbani, na hapo umepata mahali pa kushikia.

Alafu inafika siku dawa imeshika. Akili inarudi na anaelewa. Wodini watu wanafurahi, sista anaandika "anaendelea vizuri", anakula, anafagia, na hiyo ndio saa mbaya zaidi kwake manake sasa anajua aliyekufa ni mamake na mkono ni wake. Kuporomoka kwa roho baada ya ugonjwa wa akili kutulia kunajulikana sana, na hatari ya kujiua inapanda. Kwa hivyo ukiona mtu ametulia ghafla na kuanza kugawa vitu vyake, usifurahi. Muulize wazi, "mzee, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo. Mwone mara mbili kwa wiki badala ya moja, na wodi ijue.

Kwa hiyo kipindi yeye ni watu wawili, ndiye aliua na ndiye amefiwa. Na pande zetu hizi, Siaya, Busia, Vihiga, kukosa matanga ya mzazi wako ni jambo zito mno, hakuona kaburi, hakutupa mchanga, na hakuna mtu anamwambia pole juu nani atamwambia pole. Unaweza kumwambia wewe. Mimi huona hii ndio mlango wa kweli wa kuongea juu ya kitendo, kupitia huzuni, sio kupitia makosa. Muulize mama alikuwa mtu wa aina gani, alikuwa anapika nini, walikosana lini. Kitendo chenyewe kitakuja.

Kikija, jizuie kusema haraka "haikuwa wewe, ulikuwa ugonjwa". Inasikika kama huruma lakini inamfungia mdomo, kwa sababu yeye anakumbuka panga lilikuwa mkono gani. Usiseme pia "lazima ukubali makosa" kama pasta. Ugonjwa ulikuwepo na mkono ulikuwa wake, hayo mawili yakae pamoja mezani, na kazi yenu ni kuelewa vile ulianza: alikuwa ameacha sindano ya dawa ya akili? alikuwa anavuta bangi? hakulala siku ngapi? nani aliona dalili na akaambiwa nini? Haya maswali baadaye ndiyo yatamlinda, yeye na wale watakaa naye.

Kredo, mandazi, na wewe ni wa wapi

Utaombwa vitu. Hamsini ya kredo, umpigie dadake, umletee mandazi ya pale getini, utume kitu kidogo kwa M-Pesa ya mtoto. Nyingi ni shida za kweli na roho itakuuma. Jibu liwe moja kwa watu wote na litoke mapema: mimi siwezi, lakini hebu tuone nani anaweza. Simu ya dada iende kwa ofisi ya jamii ya hospitali, ufuatilie, alafu umletee jibu hata kama ni "hashiki". Mtu aliyeona umefuatilia simu mara tatu atakuamini kuliko yule ulimnunulia soda. Na soda ya leo kesho inakuwa simu yako chini ya meza, alafu siku ukikataa anaona umemgeuka, na wodi yote inajua unapendelea.

Swali la kabila litakuja, hasa Nakuru. Watu wa hapa wanakumbuka fujo za uchaguzi za 2007 na 2008, na jina lako la mwisho limeshasema kitu kabla ufungue mdomo. Akikuuliza "kwani wewe ni wa wapi?" usimpige na "tuongee juu yako" kama roboti. Mjibu kwa ufupi, ukweli, alafu uliza, "ingekuwa rahisi kama ningekuwa wa kwenu?" Wengine watasema ndio, na hapo muongee. Kuhusu mke, watoto, nyumba unakaa estate gani, hiyo usijibu, mwambie tu haya hatuongei hapa. Hata anwani huifichi kwa woga, ni kwa sababu uhusiano huu una ukuta wake na ukuta unawalinda nyote wawili.

Usiwe mkali kupita kiasi pia ukifikiria ndio usalama. Jennifer Skeem na wenzake wa Marekani waliandika mwaka wa 2007 kuhusu watu wenye ugonjwa wa akili wanaosimamiwa kwa amri ya korti, wakaona uhusiano wenye kujali, haki na kuaminiana ulienda pamoja na watu kufuata masharti vizuri zaidi, na ule wa kutisha tu haukuwa hivyo. Mtu anaweza kukubali hapana yako kama anaona wengine pia wanapewa hapana hiyohiyo na kama ulimsikiza kabla useme.

Ukiitwa "wewe tu ndio unanielewa"

Hiyo ni tamu na ni hatari. Nyuma yake kuna "sista wa usiku ananichukia, usimwambie nimesema". Usiingie. Sema, "hiyo nitaileta kwa mkutano wa wodi na wewe ukijua." Wakati mwingine sista kweli ana shida, na mkutano ndio mahali pa kusema. Angalia pia ndani yako: kuna wagonjwa utataka kuwaokoa, na kuna mmoja ukisoma alichofanyia mtoto utataka tu kikao kiishe. Hizo hisia zote mbili zipeleke kwa msimamizi wako kabla zikutoke kwa sauti mbele yake. Kama huna msimamizi kazini, tafuta mwenzako wa kozi mpigiane simu kila wiki, bila majina ya watu.

Ripoti

Andika ulichoona, sio unachohisi. "Ni mtu hatari" haisaidii jaji. "Alipoacha sindano alianza kusikia sauti zinazomtaja kakake, tangu arudie hajatishia mtu, anajua dalili zake tatu za kwanza na anaweza kuzitaja" hiyo inasaidia. Alafu umsomee kama uliahidi, hata ile sehemu mbaya, hata akikasirika. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanampa mgonjwa haki ya kushirikishwa kwa mpango wa matibabu yake, kwa hivyo hii sio hisani yako. Akisema umeandika uongo, andika pia kwamba hakubaliani na ni wapi.

Atahamishwa, jipange

Hii kazi haina mwisho mzuri wa kupangwa. Asubuhi unafika unaambiwa amepelekwa hospitali ya Mathari jana usiku, manake wodi ya ulinzi mkali ya Nairobi ndiyo inapokea wagonjwa wa korti kutoka nchi nzima, ama amerudishwa rimandi, ama wewe ndio attachment yako imeisha. Kwa hivyo aga kila kikao kama kinaweza kuwa cha mwisho: leo tumefika hapa, ukihamishwa muambie mtu wa huko hivi na hivi. Andikeni pamoja karatasi moja, kwa Kiswahili rahisi, dalili zake za mapema, dawa na sindano ya tarehe ngapi, kitu kinamtuliza, mtu wa familia anayeshika simu, na nakala ibaki kwa faili. Kama ni wa kurudi nyumbani, anza na familia miezi kabla, sio wiki: nani yuko tayari kulala nyumba moja na yeye, upande wa aliyekufa wanasemaje, chifu anajua, wazee wana taratibu gani wanataka zifanywe kwanza, na sindano itadungwa hospitali gani karibu na huko. Hiyo ya mwisho piga simu uulize mwenyewe kama dawa iko, kabla umwambie mtu itakuwa huko.